Walimu wa Karatasi za Rangi

Sabuni inayofua nguo za Rumonge, kuanzia bandarini hadi kule juu Kizuka, naipika mimi. Simwombi mtu anisadiki. Anayebisha aende sokoni, aulize mama yeyote mwenye meza. Nilirudi kutoka Tanzania na baiskeli moja, sufuria moja na mke mmoja, na vyote vitatu ninavyo hadi leo. Mke wangu hapendi nikihesabu hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Shule nilifika darasa la nne, la kambini kwetu wakimbizi, tulikokalia mawe na kuandika vumbini kwa kidole. Hilo nalo nalisema kila mahali: kanisani nikitoa ushuhuda, baa nikiwanunulia watu, hata kwenye mikutano ya wafanyabiashara, wakati wenye diploma wanasinzia. Darasa la nne, na wenye diploma wanakuja kwangu kuomba kazi.

Kwa hiyo gari jeupe lilipoingia uani kwangu, ubavuni limechorwa mtoto juu ya kiti cha magurudumu ameshika darubini, mimi sikushtuka. Magari meupe nimeyajua tangu utoto. Kila gari jeupe huja na neno lake. La kambini lilikuja na neno la kuvumilia, la kuturudisha likaja na neno la kujitegemea, na hili lilikuja na neno moja refu la Kifaransa ambalo maana yake, nilivyoelezwa, ni kwamba hakuna anayeachwa nje. Walikuwa watu wa chuo kikuu, kutoka Bujumbura. Wanatembeza sayansi, wakasema. Wanaipeleka kwa watoto wote, zaidi wale wenye ulemavu. Wanatembeza sayansi! Kama mbuzi anayetafutiwa mnunuzi.

Walishuka watatu. Mbele profesa, mkubwa wa mradi, viatu vyake vimechongoka na vinang'aa. Nyuma yake mwanamke, mwalimu wa kemia, amebeba sanduku zito mwenyewe. Wa tatu mpiga picha, ambaye alianza kupiga kabla hajatusalimia.

Mimi nilikuwa nimevaa kaptura, nimepaka mawese hadi kwenye viwiko, nakoroga pipa.

"Amahoro, mzee," profesa akaniambia, macho yake yako juu ya kichwa changu. "Patroni iko wapi?"

"Patroni iko anaoga," nikamjibu. "Mungojee kidogo."

Nikamwachia mwiko mfanyakazi wangu, mtu wa Fizi aliyevuka ziwa wakati wa vita vya kwao. Nikaingia ndani, nikaoga, nikavaa suti ya kijivu niliyoshonewa kwa ubatizo wa mwanangu wa mwisho, nikatoka.

"Ndiyo mimi," nikasema.

Profesa hakucheka. Alitazama suti, akatazama pipa, kama mtu anayetafuta hesabu ilipoharibikia. Aliyecheka ni yule mwanamke, akacheka mpaka akaliweka sanduku chini. Hapo nikajua kwamba katika watu wale mmoja ana akili.

Walitaka ua wangu. Sakafu yangu ni ya saruji, kiti cha magurudumu kinapita. Paa ni la mabati, bomba la maji lipo. Halafu mada yao ilikuwa sabuni. Wangewafundisha watoto wa Rumonge jinsi mawese yanavyogeuka kuwa sabuni! Nikamtazama mtu wa Fizi, naye akanitazama. Ni sawa na mtu kutoka mlimani ashuke hapa kuwafundisha wavuvi kwamba samaki anaishi majini.

Ningewafukuza. Lakini mlangoni pa ghala alikuwa amesimama binti yangu, na alikuwa amesikia kila kitu.

Binti yangu haoni. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka mitatu. Alipofikia umri wa shule nilimpeleka mwenyewe, amevaa yunifomu mpya, nimemshika mkono. Direkteri, mkuu wa shule, akatutazama, akasema, "Mzee, mtoto huyu ataumia kwenye ngazi." Shule nzima ina ngazi tatu. Nikamrudisha nyumbani na yunifomu yake, akaivaa uani kwangu hadi ikambana. Wadogo zake wakaenda shule, wakarudi, wakaimba mambo yao, yeye akiwa kwenye mapipa na mimi. Na kwenye mapipa, nasema kweli, hakuna mtu wa pwani hii, kutoka hapa hadi Nyanza-Lac, anayemfikia. Anasikia mwiko. Mawese na soda, ile kali ya kupikia sabuni, vikianza kushikana, mwiko unabadilisha sauti, na yeye akiwa huko kwa mama yake anachambua mchele atapiga kelele, "Baba, punguza moto!" Sabuni ikishaganda, anakata kijipande, anakigusa kwa ncha ya ulimi. Soda ikiwa imezidi, inauma kama umeme. Hapo anasema, "Bado ina meno." Ikiwa tayari, anasema, "Imelala." Basi. Mimi siuzi sabuni ambayo binti yangu hajasema imelala.

Jioni hiyo akaniambia, "Baba, wape ua."

"Niwape hawa? Hukusikia wanavyosema?"

"Nimesikia. Wamesema watoto wote."

Nikawapa ua, bila kodi.

Siku yenyewe walikuja na magari mawili. Watoto wakaletwa kutoka Kizuka, kutoka Kigwena, wengine kutoka Nyanza-Lac: wa magongo, wasiosikia, wasioona, na wazima pia, ili wachanganyike. Wazazi wakajaa ukutani. Fulana zikagawiwa, zote za saizi ya watu wazima, watoto wakaonekana kama wamevaa mapazia. Bango likafungwa juu ya mapipa yangu likafunika kabisa maandishi ya sabuni yangu. Kulikuwa na kijana wa kutafsiri kwa ishara kwa wasiosikia, fundi kweli, mikono yake inakwenda kama mtu anayesuka. Alisimama kando ya profesa. Mpiga picha akamwambia, "Wewe sogea, unaharibu picha." Akasogea. Profesa akatoa hotuba ndefu kuhusu kutomwacha mtu nje, na wasiosikia wakawa wanamtazama mdomo tu, kwa sababu kijana wa ishara alikuwa amesimamishwa nyuma ya nguzo.

"Patroni," mtu wa Fizi akaninong'oneza, "huyu profeseri iko anasema na nani?"

"Na kamera," nikamwambia.

Hotuba ikaisha. Mwalimu wa kemia akafungua sanduku lake. Alikuwa anajua kazi yake, siwezi kumnyima hilo. Aliipima soda kwa mzani mdogo, akayapima mawese, akachanganya ndani ya ndoo, akawaeleza watoto polepole kwa Kirundi na Kiswahili, akapita na ndoo ili wote waguse joto lake kwa nje. Alianza na wasioona. Hapo nilifikiri: aa, labda. Kisha wakaleta vipande vya sabuni waliyoipika wiki ile huko chuoni, ili tuone kama imekomaa, na profesa akaingilia kati, kwa sababu hapo ndipo kamera ilipokuwa imesogea. Akatoa pakiti ya vikaratasi vya manjano, vyembamba kama njiti za kiberiti.

"Sasa, watoto," akasema, "tutajua vipi kama sabuni iko salama? Hatukisii! Sayansi haikisii. Tunalowesha sabuni, tunachovya karatasi, na tunatazama rangi."

Akawagawia. Kila mtoto karatasi yake. Akafika kwenye benchi la wasioona, akawagawia nao pia, mmoja mmoja, anatabasamu.

"Chovyeni. Haya. Tazameni rangi vizuri!"

Watoto wale walikaa na vikaratasi vyao, wamevishika mbele ya nyuso zao kwa utiifu kama walivyoambiwa. Mpiga picha akapiga. Profesa akawa bado anatabasamu. Nilitazama wazazi, wazazi wakanitazama. Watu waliosoma miaka ishirini, waliokaa ofisini wakaandika mradi, wakaupitisha, wakaupigia muhuri, wakatia mafuta magari mawili wakaja hadi Rumonge, na katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja aliyejiuliza kipofu ataonaje rangi.

Binti yangu akanyoosha mkono.

"Bwana profesa, samahani," akasema kwa adabu kabisa. "Sisi tuguse wapi?"

Mwalimu wa kemia akafunika uso kwa viganja. Namheshimu kwa hilo. Profesa alikohoa.

"Wewe, mwanangu," akasema, "mwenzako atakuambia rangi."

Mwenzake, kijana wa Kigwena mwenye gongo, akasema rangi ni kijani-kijani. Profesa akashangilia: kijani hiyo ni dalili njema, sabuni imekomaa, inaweza kuoshea hata mtoto mchanga. Binti yangu akawa amekwisha kukwaruza kijipande kwa ukucha na kukigusa kwa ulimi.

"Bado ina meno," akasema.

"Hapana, hapana!" Profesa akaruka. "Ulimi si chombo cha sayansi! Katika maabara hatuonji kitu. Ni hatari. Karatasi imesema iko salama."

"Na mimi nasema ina meno," binti yangu akamjibu, bila kupandisha sauti.

Hapo ndipo ningenyamaza, mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini uani ni kwangu, mtoto ni wangu, na watu wote wa Rumonge walikuwa ukutani wananitazama mimi.

"Profesa," nikasema, "kama karatasi imesema iko salama, onja basi."

"Mzee, mimi siwezi—"

"Mtoto mchanga anaweza kuogeshwa kwayo, wewe huwezi kugusa kwa ncha ya ulimi?"

"Onja! Onja!" mtu wa Fizi akaanza kupiga makofi, na ukuta mzima ukamfuata. Kamera nayo ikawa inamngoja. Akachukua kijipande, akakigusa kwa ulimi, kidogo tu, kama anayelamba stempu.

Aliruka. Sijui niseme vipi. Viatu vile vilivyochongoka viliachana na saruji yangu. Akatema, akakimbilia bomba, akaweka mdomo chini yake, tai yake ikalowa yote. Watu walicheka wakashikana mabega. Watoto wasioona wakauliza, "Imekuwaje? Imekuwaje?" na yule kijana wa Kigwena akawasimulia hatua kwa hatua, naye kijana wa ishara, aliyekuwa amesahauliwa nyuma ya nguzo, akajitokeza akawaonyesha wasiosikia kwa mikono na kwa ulimi wake mwenyewe. Ndiyo saa pekee ya siku ile ambayo hakuna aliyeachwa nje.

Baadaye ikajulikana kwamba pakiti ya vikaratasi ilisafirishwa ndani ya boksi la barafu, chini ya chupa za fanta. Vililowa, vikaharibika. Chuo kikuu kizima, na vikaratasi wakavilaza na fanta.

Watu wakatawanyika, nami nikawa nimesimama mlangoni napokea pongezi kama bwana harusi. Mwalimu wa kemia hakuwa akicheka tena. Alikuwa amechuchumaa mbele ya binti yangu, daftari gotini.

"Meno, ni ya aina gani? Ya pilipili au ya moto?"

"Si pilipili. Pilipili inakuja polepole. Hii inaruka."

"Na ikilala, unasikia nini?"

"Ladha ya mafuta tu. Kama kulamba mshumaa."

Yule mwanamke aliandika kila neno. Kisha akanijia na karatasi ya kujaza. Wakati wa likizo, akaniambia, chuo kitawachukua watoto wachache kwa wiki mbili, walale huko, wafanye kazi ndani ya maabara yenyewe. Watakaofanya vizuri watatafutiwa nafasi katika shule yenye walimu wa kusoma kwa vidole. "Namtaka huyu," akasema. "Lakini mzee, fishi hii ujaze wewe na uirudishe, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Bila saini ya mzazi hawamwingizi."

Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi na kuizuia.

"Nitaitazama," nikasema.

Usiku—hapana, ilikuwa kesho yake mchana, baada ya chakula—nikaikunjua ile fishi mezani. Mimi nasoma. Kiswahili nasoma chote, Kirundi nasoma, Kifaransa natambaa nacho. Jina la mtoto, nikajaza. Umri, nikajaza. Ulemavu wake, nikajaza. Kazi ya mzazi: mwenye kiwanda. Nikaiandika kwa herufi kubwa. Kisha nikafika mahali palipouliza mzazi amesoma hadi wapi. Hapakuwa na mstari wa kuandika. Palikuwa na visanduku, utie alama kimoja. Cha kwanza: hakusoma. Cha pili: alimaliza shule ya msingi. Cha tatu sekondari, cha nne chuo kikuu.

Nikatafuta changu. Nikageuza karatasi nyuma, labda kimeandikwa huko. Hakikuwepo. Darasa langu la nne, ambalo nimetembea nalo kifua mbele kutoka baa hadi kanisani, halikuwa na hata kisanduku. Kwa watu wasiomwacha mtu nje, ama ulimaliza ama hukusoma.

Ningeweza kudanganya, nitie alama kwenye kumaliza. Nani angejua? Kalamu nikaiweka juu ya kisanduku hicho mara mbili. Lakini mimi mtu wa kujisifu, na mtu wa kujisifu hadanganyi. Akianza kudanganya sifa zake zote zinaoza. Na kutia alama kwenye "hakusoma" nisingeweza, afadhali nilambe ile sabuni yao. Nikaikunja fishi, nikaiweka chini ya mzani.

Binti yangu akauliza Jumamosi. Nikamwambia wale ni matapeli wa kamera. Akauliza Jumatatu. Nikamwambia wamemtaka kwa ajili ya picha tu, watamvalisha pazia lao wamrudishe. Hakubishana. Jumanne hakuuliza. Jumatano pipa langu likazidi moto, mwiko ukabadilisha sauti hata mimi niliusikia, naye amekaa hatua tano kutoka hapo, mikono mapajani. Sabuni ikafurika sakafuni. Hakuna kelele yoyote iliyotoka kwake.

Mke wangu ndiye aliyeikuta fishi, akiinua mzani ili afagie. Anasoma kuliko mimi; alimaliza msingi kambini. Aliipitia mpaka penye visanduku, akasimama hapo.

"Baba watoto," akasema, "ndiyo hii inayokuzuia?"

"Inizuie nini? Watu wale hawana maana."

"Hawana maana, sawa. Lakini miaka kumi na nane nakusikia sokoni, darasa la nne, darasa la nne. Hata muuza ndagala anajua darasa lako. Leo kalamu imekuwa nzito?"

"Hakuna kisanduku."

"Basi andika pembeni."

"Pembeni?"

"Karatasi ina pembeni, haina? Mbona makambini tuliandika chini, hakuna aliyetuuliza mstari."

Nikaandika pembeni, nje ya visanduku vyao vyote: Darasa la nne, Tanzania. Nikaweka saini. Ilikuwa Alhamisi. Kutuma kwa mtu sikuthubutu. Ijumaa alfajiri nikavaa suti, nikamwambia binti yangu, "Vaa, tunapeleka fishi wenyewe." Alivaa haraka hivi kwamba kiatu kimoja kilikuwa cha mama yake.

Chuoni, ofisi ya mradi ilikuwa na foleni. Msichana wa biro, karani wao, akachukua fishi, akaipitia kwa ncha ya kalamu.

"Mzee, hapa umeandika nje ya kisanduku."

"Changu hakipo."

"Kompyuta haipokei hivi. Chagua kimoja."

"Nimekuambia changu hakipo, mwanangu."

"Basi faili haliwezi kuingia."

Sauti yangu ikapanda. Ndipo profesa akatoka chumba cha ndani. Midomo yake ilikuwa imepona. Akanitazama, akaitazama suti, akanikumbuka; nilimwona anakumbuka. Nilijitayarisha kwa kisasi. Ningekielewa kisasi, hata ningekiheshimu. Lakini alitabasamu tabasamu lilelile la siku ya vikaratasi, akachukua fishi, akasoma pale pembeni.

"Aa, lakini hakuna shida," akamwambia msichana. "Weka 'hakusoma'. Kwa wafadhili ni vizuri zaidi. Mtoto asiyeona, mzazi asiyesoma, faili lake litakuwa na nguvu." Kisha kwangu, kama mtu anayenipa zawadi, "Mzee, inamsaidia mtoto. Unakubali?"

Jamani. Wiki nzima nimelificha darasa langu, binti yangu karibu apoteze nafasi kwa sababu yake, na kumbe kwao lilikuwa mali. Walikuwa wanalitafuta! Kadiri ninavyokuwa mjinga, ndivyo wao wanavyokuwa wema. Nilikuwa na majibu saba mdomoni, yote mazuri, mawili ya Kifaransa. Binti yangu alikuwa ameshika mkono wa koti langu. Hakuuvuta. Aliushika tu, kama anavyoshika ukingo wa pipa anaposikiliza.

"Tia," nikasema.

Msichana akatia alama. Kisanduku cha kwanza. Nilitazama kalamu yake hadi ikainuka. Mimi ambaye watu wa Rumonge wananiletea barua za mahakama niwasomee.

Wiki tatu baadaye nikampeleka chuoni na mzigo wake. Mwalimu wa kemia alitupokea getini, akamwambia binti yangu, "Vikaratasi nimevitupa. Nimekutengea meza, tutapima kwa sauti. Kuna chombo kidogo kinalia, soda ikizidi kinalia juu. Wewe utaniambia kama kinasema kweli." Binti yangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya uani kwangu. Kisha tulipokuwa tunaingia ukumbini, kwenye ufunguzi, akanishika bega akanishusha sikio.

"Baba, nakuomba kitu. Leo usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Chochote. Wakisema ya uongo, waache. Mimi ndiye nitakayebaki nao."

Tukakaa mstari wa tatu. Ukumbi ulijaa wageni wenye vitambulisho shingoni. Tulipewa karatasi ya ratiba, nikawa namsomea kwa sauti ya chini, kwa sababu ratiba ya watoto wasioona nayo waliichapisha kwa wino. Profesa akapanda jukwaani. Kijana wa ishara safari hii walimweka mbele, hilo niliseme, mtu asidhani sioni jema. Profesa akasalimia wakubwa, akaja kwenye kazi yao. Akasema kwamba huko Rumonge, katika ua wa kienyeji wa kupikia sabuni, timu yake iligundua kipaji. Msichana asiyeona. Timu ikaona namna anavyoonja, ikamfungulia mlango wa sayansi. Akanyoosha mkono upande wetu.

"Na baba yake ni yule pale," akasema. "Mzee ambaye hajui kusoma wala kuandika, lakini alituamini."

Ukumbi mzima ukageuka, ukanipigia makofi. Mpiga picha akainama mbele yangu, yuleyule, akapiga, na ratiba iko mikononi mwangu. Mapaja yalikuwa yameshakaza kuninyanyua. Pembeni yangu binti yangu alikuwa amegeuza uso kwangu, anangoja, kama ambavyo amekuwa akingoja mwiko ubadilishe sauti.

Nikarudisha mgongo kwenye kiti.

"Baba," akaninong'oneza makofi yalipokwisha, "ulikuwa umefika wapi?"

Nikaisogeza karatasi kwenye mwanga, nikatafuta mstari.

"Saa nne, chai," nikamsomea. "Saa nne na nusu, mnaingia maabara."